Shanga za Baraka

Msomaji, usiniulize tena. Wiki nzima nimesimamishwa sokoni, nimegongewa dirisha, hata muuza semita amekataa kunipa mkate mpaka nimwambie Delmy aliona nini alipousukuma ule mlango. Haya, vuta kiti.

Alimwona mama mkwe wake amepiga magoti mbele ya picha ya Bikira, macho kayafumba, midomo inamcheza. Mkononi ana shanga.

Hazikuwa rozari yake. Zilikuwa shanga za Delmy.

"Salamu Maria, umejaa neema," alinong'ona Bi Tránsito, na kidole gumba chake kikasukuma kile kipira cheusi kikavuka shanga moja. "Salamu Maria, umejaa neema." Kikavuka nyingine.

Delmy alishika mwimo wa mlango. Saa moja tu iliyopita, kule zahanati, Daktari Ivania Quijada alikuwa amemwambia ana mimba ya wiki kumi. Naye Delmy akaapa haiwezekani, kwa sababu hajakosa hata asubuhi moja kusogeza kipira.

Kwa aliyeanza kusoma leo nitasema kwa kifupi, nyie wengine mnivumilie. Hizi si shanga za kiunoni, punguzeni tabasamu. Ni shanga thelathini na mbili za kuhesabia siku za mwanamke. Nyekundu ni moja, siku ya kwanza ya hedhi. Kila asubuhi unasogeza kipira shanga moja. Kikiwa kwenye za kahawia, mume ana ruhusa. Kikiwa kwenye nyeupe, kila mtu na mto wake. Padre Anselmo ndiye aliyempa Delmy shanga hizo, kwa sababu vidonge alivikataa, na habari ya kufunga kizazi hakutaka hata kuisikia. Wilber, mumewe, akasema padre akikataa naye anakataa.

Na Delmy hakuwa na mchezo na jambo hilo. Alipomzaa Abigail, miaka mitatu iliyopita, moyo wake ulivimba. Miezi miwili alilala ameketi, akiitafuta pumzi kama mtu aliyezama. Daktari alimwambia wazi kwamba mimba nyingine itamuua.

"Mama," alisema Delmy. "Unafanya nini?"

Bi Tránsito alifungua jicho moja. "Nasali. Kwani naonekana napika?"

"Hiyo si rozari."

"Si rozari vipi? Ni kweli nilijiuliza mbona haina msalaba, nikasema labda ndiyo za kisasa. Kwani si padre aliyekupa? Na si nilimwona kwa macho yangu haya mwaka jana, siku ya mishumaa, akiinyunyizia maji ya baraka? Ilikuwa kwenye sinia pamoja na mbegu za mahindi na rozari za watu wote."

"Umeanza lini kuisali?"

"Tangu Noeli. Yangu ilikatika, punje zikaingia mvunguni. Nikaona ni dhambi kusali kwa vidole wakati humu ndani mna rozari imebarikiwa inaning'inia msumarini bila kazi."

"Mara ngapi, mama?"

"Jumanne na Ijumaa, ukienda kuuza mikate ya pupusa shuleni. Nakuombea wewe, mwanangu. Naomba huo moyo wako upone."

"Na kipira? Ukimaliza unakiacha wapi?"

"Nakirudisha nilipokikuta."

"Kila siku?"

"Nikisahau nilipokikuta, nakiacha pazuri."

"Pazuri wapi?"

"Kwenye zile za kahawia," alisema Bi Tránsito, kama mtu anayesifiwa usafi. "Zile nyeupe zinashika uchafu upesi."

Delmy alicheka. Alicheka mpaka pumzi ikamkatika, akateleza akaketi sakafuni na mgongo ukutani. Asubuhi zote zile, gizani, alikuwa akipapasa na kusogeza shanga moja kwa uaminifu, na jioni Wilber akiangalia rangi, kumbe katikati ya wiki mtu ameshakichukua kipira akakiweka pasafi.

"Nina mimba, mama," alisema.

"Bikira asifiwe!" alipiga kelele Bi Tránsito, mikono juu. Halafu akakumbuka. Mikono ikashuka taratibu, mmoja ukaziba mdomo. Akaziangalia shanga, akamwangalia mkwewe, akaziangalia tena.

Mimi ninayewaandikia nilitaka kumchukia bibi huyu nikashindwa. Utamchukiaje mtu aliyekuwa akikuombea uzima kwa kitu kilekile alichokuulia?

*

Wilber alirudi saa nane, vumbi la matofali limemjaa hadi kwenye nyusi. Sitamsingizia. Wilber hanywi, hapigi, hana nyumba ndogo. Ila ana watu wawili wa kumwamulia mambo, padre na mama yake. Delmy hushika nafasi ya tatu.

"Haiwezekani!" alisema. "Mimi niliangalia kila jioni. Ilikuwa kahawia!"

"Muulize mama kahawia hiyo ilitoka wapi."

Akaulizwa, akasema yote, huku akilia kwenye aproni. Wilber alisikiliza mpaka mwisho. Halafu neno lake la kwanza likawa hili:

"Mama hakukusudia."

Delmy alilisikia, akalimeza. Hajauliza mkewe amebakiwa na muda gani, tayari ameshamtetea mama yake.

"Daktari anasemaje?" Wilber aliuliza baadaye.

"Anasema moyo huu hautafika mwezi wa saba. Na anasema yeye hawezi kunigusa. Sheria yetu haina mlango hata wa mama anayekufa. Akinisaidia, anakwenda jela yeye na mimi."

"Sasa?"

Delmy alitoa bahasha. "Guatemala ni pua na mdomo. Kule madaktari wawili wakitia saini kwamba mama atakufa, wanamhudumia. Humu mna picha ya moyo wangu na barua. Jumanne wananipokea."

Kuku alipita chini ya meza.

"Padre atasema nini?" aliuliza Wilber.

"Padre hatalala kaburini badala yangu."

"Ni mtoto wetu, Delmy."

"Na Keyri? Na Abigail? Hao ni wa nani?"

Hapo Wilber alilia. Alilia vizuri, kwa kwikwi, kichwa magotini pa mkewe, akasema Jumatatu alfajiri watavuka, atampeleka yeye mwenyewe, na wakimuuliza atasema wamekwenda kumwona shangazi. Delmy alimpapasa nywele zilizojaa vumbi na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaamini kwamba ataishi.

"Daktari amesema asijue mtu," aliwaambia wote wawili. "Amesema mimba isiyojulikana haitafutwi. Nikirudi sina, na hakuna aliyejua ninayo, hakuna kesi. Mama, apa."

Bi Tránsito aliapa kwa kaburi la marehemu mumewe.

*

Jumamosi asubuhi Delmy alikuwa akipiga tortilla kwa viganja pikipiki ya Padre Anselmo ilipozimika mlangoni.

Wasomaji wangu wengine mlishamchukia padre huyu tangu mwezi jana, lakini ngojeni. Ni yeye aliyempakia Abigail mgonjwa kwenye pikipiki hiyohiyo na kumkimbiza hospitali kwenye mvua wakati madereva wote wa mji huu walikuwa wamefunga milango. Laiti angekuwa mtu mbaya, kazi yangu ingekuwa rahisi.

"Mwanangu," alisema akivua kofia, "mama yako ameniambia."

Unga ulimganda Delmy vidoleni. "Kwenye kitubio?"

"Hapana. Alikuja sakristia kupanga maua, akaangua kilio, akasema yote akiwa na mayungiyungi mkononi."

"Yote?"

"Habari ya shanga. Na ya mtoto."

Delmy alivuta pumzi. Guatemala haikutajwa. Bado kulikuwa na mlango.

"Padre, zile shanga ulizitia maji ya baraka wewe mwenyewe."

Padre aliinamisha macho. "Nilibariki sinia zima. Sikuangalia kilichomo."

"Hukuangalia."

"Watu mia mbili, mwanangu, na nta ya mishumaa inanidondokea mkononi."

"Basi na mimi nilikuwa kwenye sinia," alisema Delmy. Sauti yake haikupanda. "Nilikuja kwako nikasema nataka kufunga kizazi, ukasema dhambi. Nikakuomba vidonge, ukasema dhambi. Ukanipa shanga, nikahesabu shanga. Leo nakufa, padre, na sijafanya dhambi hata moja kati ya hizo. Sasa unanipa nini?"

Padre Anselmo alikaa kwenye kigoda cha Bi Tránsito, magoti yakamfika kifuani, akaonekana amezeeka.

"Kuna mama mmoja mtakatifu," alianza. "Aliambiwa achague, yeye au mtoto. Akamchagua mtoto. Alikufa akitabasamu. Nina picha yake, nitakuletea."

"Alikuwa na watoto wengine?"

"Alikuwa nao."

"Nani aliwasuka nywele baada ya hapo?"

Tortilla iliungua kwenye chuma, hakuna aliyeigeuza.

"Kesho ni Siku ya Mtoto Aliye Tumboni," alisema padre hatimaye. "Nitakuweka mstari wa mbele. Parokia nzima itakuombea."

"Padre, usinitaje."

"Unaona aibu? Mwanamke wa ndoa?"

"Nakuomba. Kama mtoto wako wa ubatizo. Usinitaje mbele za watu."

"Mwanangu, mji mzima ukijua, mji mzima utakubeba."

Alisema kwa upendo. Ndiyo iliyomuuma Delmy kupita yote, kwamba alikuwa akizibwa pumzi na mtu anayempenda. Wala hakuweza kumweleza sababu. Nchi hii mwanamke akifika hospitali anavuja damu, nesi humpokea kwa mkono mmoja na kuita polisi kwa mwingine. Wapo wanaotumikia miaka thelathini kwa mimba zilizotoka zenyewe, kwa kuwa jirani alijua wanazo na hakumwona mtoto.

Pikipiki ilipokwisha kupotea kwenye kona, Delmy alimgeukia mama mkwe aliyekuwa amejificha nyuma ya pipa la maji.

"Uliapa! Kwa kaburi la mumeo!"

"Niliapa kuhusu Guatemala," alijibu Bi Tránsito, machozi yanamtiririka. "Guatemala sijaisema hata herufi. Mimba hukuniapisha!"

Ungempiga au ungemkumbatia? Delmy hakuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo. Aliketi, akahema, akafikiri.

"Hatungoji Jumatatu," alisema. "Nitapanda basi la kesho saa tano. Misa inaisha saa nne na nusu. Nitatoka kanisani niende moja kwa moja, na Wilber atanifuata siku ya pili."

"Si bora tusiende Misa kabisa?" aliuliza Wilber.

"Mkikosa Misa," alisema Bi Tránsito, "watakuja na mishumaa na nyimbo mpaka hapa mlangoni. Nawajua. Mimi ndiye kiongozi wao."

*

Kanisa lilijaa mpaka vijana wakasimama kwenye ngazi. Kila mwanamke alikuwa na utepe mweupe kifuani. Delmy aliketi benchi la mbele, Keyri ubavuni, na Wilber nyuma yake akiwa na Abigail begani. Kila baada ya wimbo aliangalia saa ya ukutani.

Misa ilikwenda salama. Mahubiri yalikwisha, komunyo ikapita. Saa nne na dakika ishirini na tano Padre Anselmo alifunga kitabu, na Delmy akaanza kuamini kwamba amesikilizwa.

"Kabla ya baraka ya mwisho," alisema padre.

Msomaji, wewe na mimi tulijua.

"Yuko kati yetu mama ambaye daktari amemwambia moyo wake hauwezi. Naye amebeba. Delmy, mwanangu, simama tukuone."

Makofi yalilipuka. Watu waligeuka, wakanyoosha shingo, wengine wakalia. Delmy alisimama kwa sababu Keyri alikuwa akimvuta mkono, akiuliza, "Mama, kweli?" Alipoketi, akina mama walianza kuja wawili wawili wakimwekea vitu mapajani. Soksi za manjano. Kofia ndogo ya kusuka. Bi Fidelina wa duka la dawa, aliyewahi kukataa kumuuzia vidonge hapohapo mbele ya watu, alileta soksi za waridi na kumbusu paji la uso.

"Na kwa kuwa moyo wake ni dhaifu," aliendelea padre, sauti ikimtetemeka kwa furaha, "hatutamwacha peke yake hata saa moja. Akina mama wa Bikira wamejipanga zamu, usiku na mchana. Zamu ya kwanza inaanza anapotoka mlango huu."

Saa nne na dakika thelathini na tano. Bi Fidelina na mwenzake walikuwa tayari wamesimama mwishoni mwa benchi, mikoba mkononi, wakitabasamu.

Hapo ndipo Bi Tránsito aliposimama.

"Usiwapange, padre," alisema kwa sauti kubwa. "Hakuna cha kulinda. Mimba imetoka usiku. Nimeiona kwa macho yangu, na nimezika kwa mikono yangu."

Delmy aligeuka kumtazama. Bibi alimkonyeza. Masikini, alikuwa amepata akili: pasipo na mimba hapana walinzi, na pasipo na walinzi mkwe anapanda basi. Katika miaka yake sitini na nane hakuwahi kusema uongo kanisani, na ndiyo maana hakujua unavyosemwa.

Kilio kilisikika huku na huko. Padre alishika meza ya madhabahu. Halafu kutoka benchi la tatu akainuka mtu mnene, mpole, ambaye Jumapili huvaa shati jeupe la wabeba sanamu ya Bikira na kulishusha juu ya bastola. Ni Sajini Menjívar, mkuu wa kituo.

"Pole sana, Bi Tránsito," alisema. "Umezika wapi?"

Bibi alipepesa macho. "Nyuma ya nyumba."

"Nyuma sehemu gani?"

"Penye... penye migomba."

"Alikuwepo nani? Daktari? Nesi?"

"Mungu."

"Mungu hanitilii saini kwenye taarifa, mama. Nani alimpa dawa?"

"Dawa gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe." Aliinua shati kidogo, akatoa pingu, akazishika tu, kwa heshima, kana kwamba ni kofia. "Tutakwenda wote tukachimbe. Nikikuta, ni kesi yenu wawili. Nisipokuta, nitauliza mmepeleka wapi. Dada Delmy, nisaidie. Unayo au huna?"

Watu mia nne walimgeukia.

Delmy aliliona shimo pande zote mbili. Akisema sina, ni miaka thelathini, yake na ya bibi huyu mjinga aliyejaribu kumwokoa. Akisema ninayo, zamu inaanza mlangoni, na zamu itamsindikiza mpaka kaburini ikiimba. Alifungua mdomo bila kujua litatoka lipi.

Hakulisema. Lilisemwa nyuma yake.

"Mwacheni mama!" Wilber alikuwa amesimama na Abigail aliyelala begani. "Mama anasema uongo, hajazika kitu. Mimba ipo. Delmy alikuwa apande basi la saa tano aende Guatemala kuitoa. Ni Delmy. Mama hana kosa!"

Yule aliyelia magotini pake. Yule aliyesema nitakupeleka mwenyewe. Delmy alimtafuta macho, na Wilber akayaficha kwenye nywele za mtoto. Hakuwa amemsaliti kwa chuki wala kwa imani. Alikuwa ameona pingu karibu na mikono ya mama yake, na hesabu yake ikaisha hapo.

"Wilber!" alilia Bi Tránsito. "Mwanangu, umefanya nini? Yeye ndiye atakayekufa!"

Hakuna aliyemsikiliza. Bi Fidelina alirudi mpaka kwenye benchi, akainama, akazichukua soksi zake za waridi kutoka mapajani mwa Delmy. Akina mama wengine wakaja nyuma yake, wakachukua chao mmoja mmoja, mpaka mapaja yakabaki matupu.

"Kweli haya, mwanangu?" aliuliza Padre Anselmo. Uso wake ulikuwa mweupe kama kitambaa cha altare. "Nilikuita mbele za Mungu, na wewe una tikiti mfukoni?"

"Nilikuomba usinitaje, padre," alisema Delmy. "Nilikuomba mara mbili."

Sajini alirudisha pingu kiunoni. "Sitakufunga leo, dada. Hujavuka, na mimi si mtu wa kufunga wajawazito kanisani. Nipe kitambulisho tu. Nitakaa nacho mpaka ujifungue."

"Kiko nyumbani," alisema Delmy.

Kilikuwa kifuani mwake, ndani ya bahasha ya daktari, kimelowa jasho.

"Basi nenda kakilete. Nakupa dakika kumi, mimi namwandikisha mumeo maelezo hapa."

Bi Fidelina alinyanyua mkoba amfuate. Sajini alimzuia kwa kiganja.

"Mwache apumue, mama. Watoto wake si hawa hapa?" Alicheka kidogo, akiangalia watu wamuunge mkono. "Mama gani atakimbia akawaacha wanawe?"

Watu walitikisa vichwa. Hakuna mama wa namna hiyo. Hata padre aliitikia.

Delmy alisimama. Keyri alimshika sketi.

"Nikusindikize, mama?"

"Kaa na mdogo wako."

"Utachelewa?"

"Kaa na mdogo wako, Keyri."

Abigail alikuwa amelala mdomo wazi kwenye bega la Wilber, shavu limechapwa alama ya mshono wa shati. Lilikuwa karibu sana, shavu hilo, Delmy alisikia joto lake alipopita. Lakini hakuna mwanamke anayembusu mtoto kwa safari ya dakika kumi, na sajini alikuwa anamtazama.

Hakumbusu. Wala hakumbusu Keyri. Aliwapita kama anayekwenda kuchota maji, akapita katikati ya tepe zote nyeupe, akashuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka juani.

Basi la mpakani lilikuwa upande wa pili wa bustani, limewasha injini, kondakta ananing'inia mlangoni akipiga ubavu wa gari kwa kiganja. Liliguna, likaanza kusogea. Angelipata kama angekimbia, na daktari alishamwambia kwamba siku atakayokimbia, moyo wake utasimama.

Delmy alikimbia.